Tufunge etajeri zetu ukutani kabla hazijatuangukia

Ingia leo katika boutiki yoyote ya Rue Kinshasa mjini Butembo, au kando ya bulevari Nyamwisi mjini Beni. Utaona etajeri za mbao zilizopanda toka sakafuni mpaka karibu na dari. Juu kabisa kuna mikebe ya rangi, maboksi ya sabuni na madumu ya mafuta ya kupikia. Chini kuna biskuti na bombo za watoto. Mfanyakazi akitaka kitu cha juu, hana ngazi. Anakanyaga ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, mkono mmoja umeshika na mwingine unatafuta. Kisha uliza swali moja tu: hii etajeri imeshikwa na nini? Mara nyingi jibu ni kwamba haijashikwa na kitu. Imesimama kwa miguu yake yenyewe, na imekosa kuanguka kwa sababu tu haijapata wa kuisukuma.

Hali ni hiyo hiyo ndani ya nyumba zetu, katika famasi, katika vituo vya afya na katika ofisi za shule. Kabati refu la nguo, kabati la vyombo lenye televisheni juu, etajeri ya vitabu: vyote vinaegemezwa ukutani na kuachwa hivyo. Tunaandika leo kusema jambo dogo, ambalo kila mkaaji anaweza kulitimiza kabla ya juma hili kuisha: kitu chochote kirefu kinachosimama peke yake kifungwe ukutani.

Tuanze na sababu. Etajeri haihitaji upepo mkali ili ianguke. Uzito ukiwa mwingi juu na kidogo chini, inatosha kuivuta kidogo mbele ili uzito wote uvuke miguu yake. Ikishavuka, hakuna mkono wa mtu unaoirudisha. Mtoto wa miaka mitatu anayepanda ubao wa kwanza ili afikie biskuti anauvuta uzito huo upande wake. Mtu anayefungua droo zote za kabati kwa wakati mmoja anafanya vile vile. Hesabu mwenyewe: boksi moja la chupa 12 za mafuta za lita moja linapita kilo 10, na mfuko mmoja wa sukari ni kilo 50. Etajeri iliyojaa inaweza kubeba mamia ya kilo. Hayo ndiyo yanayomshukia aliye mbele yake, na hayampi nafasi ya kukimbia.

Hapa kwetu kuna mambo mengine yanayozidisha hatari hiyo. Nyumba nyingi hazina sakafu iliyo sawa. Kuna udongo ulioshindiliwa, au simenti iliyopasuka na kubonyea. Etajeri nyingi zinatengenezwa kwa mbao za mikaratusi ambazo hazijakauka vizuri. Fundi anakuuzia etajeri iliyonyooka, lakini baada ya miezi michache mbao zinakauka, zinajipinda, misumari inalegea, na ile iliyokuwa imesimama wima inaanza kuinama mbele. Mwenye nyumba anaweka kipande cha karatoni chini ya mguu mmoja na anasema kazi imekwisha.

Pia nyumba zetu zimejaa watu. Kwa miaka mingi sasa familia za Butembo na Beni zinawapokea ndugu waliokimbia mauaji katika vijiji vya Beni, na wengine waliokimbia vita upande wa Lubero. Chumba kilichokuwa na watoto watatu leo kina saba au nane. Watoto wanalala chini kando ya kabati, wanacheza chini ya etajeri, na mama ameondoka asubuhi kwenda sokoni au shambani. Mkubwa wa kuwaangalia mara nyingi ni dada yao mwenye miaka kumi. Katika nyumba kama hiyo, kabati lisilofungwa ni hatari inayowangoja watoto wa watu wawili: wa mwenyeji na wa mgeni wake.

Kuna sababu nyingine kubwa, ambayo tunaisahau kwa sababu haiji kila mwezi. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa, chini ya mlima Ruwenzori, mahali ambapo ardhi yenyewe inatembea. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko kubwa lilipiga eneo hili la Ruwenzori, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mwaka 1994 ardhi ilitikisika tena vikali upande wa Fort Portal, ng'ambo ya mlima. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukavu na magharibi ya Rwanda, na likaua watu wakiwa makanisani. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo hicho hicho liliua watu wasiopungua 17 katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Na mwezi Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa Goma waliishi siku nyingi wakitikiswa usiku na mchana.

Tuseme ukweli: kufunga etajeri hakuzuii nyumba kuanguka. Lakini matetemeko mengi tunayoyasikia hapa hayaangushi nyumba. Yanatikisa vyombo, yanafungua milango ya makabati, kisha yanapita. Katika mitikisiko kama hiyo, kinachoweza kumuumiza mtu ni kile kilicho juu ya kichwa chake. Nyumba inaweza kubaki imesimama na mtu akaumia ndani yake chini ya kabati lake mwenyewe. Pia etajeri iliyoanguka mbele ya mlango inafunga njia pekee ya kutokea.

Nchi nyingine zilijifunza jambo hili kwa machozi. Huko Japani, tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,000. Wengi wao walibanwa na nyumba zao na vitu vizito vilivyokuwa ndani. Tangu hapo serikali ya nchi hiyo haichoki kuwaambia wananchi wafunge makabati ukutani. Marekani, ambako sehemu nyingi hazijui tetemeko, kilichowafungua macho ni watoto. Mwezi Juni 2016, kampuni ya IKEA ilitangaza kurudisha makabati ya droo milioni 29 yaliyouzwa nchini humo, baada ya watoto sita kufa kwa kuangukiwa. Wazazi waliofiwa hawakunyamaza. Mwezi Desemba 2022 sheria ilitiwa sahihi inayodai kabati la droo lipimwe kabla ya kuuzwa, ili lisianguke hata likivutwa na mtoto wa kilo 27. Hao ni watu wenye sakafu sawa, kuta imara na mbao zilizokaushwa kiwandani. Sisi tusio na hayo tuna sababu zaidi ya kuwa makini.

Tunajua kuna msomaji atakayesema: "Ndugu waandishi, watu wanachinjwa mashambani, barabara zinafungwa, bei ya vyakula inapanda, na ninyi mnatuletea habari za etajeri?" Swali hilo ni la haki, na tunalijibu. Mambo hayo makubwa tunayaandika kila siku na tutaendelea kuyaandika. Lakini mzazi wa Mulekera au wa Bulengera hana uwezo wa kumaliza vita peke yake leo jioni. Anao uwezo wa kufunga kabati lake leo jioni. Mtoto aliyenusurika risasi kijijini, akatembea siku tatu mpaka mjini, hastahili kufia chini ya kabati katika nyumba aliyokimbilia. Na mfupa uliovunjika, katika mji ambao familia inalipa hospitali kwa mfuko wake, unaweza kumaliza mtaji wote wa mama anayeuza unga sokoni.

Pia tukumbuke kwamba tumewahi kubadili desturi zetu. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola ilipowaua watu zaidi ya 2,000 katika eneo letu na Ituri, ndoo ya maji ya klori ilisimama mbele ya kila boutiki, kila kanisa na kila shule. Mwanzoni wengi walicheka, wengine walikataa. Baadaye mtu alikuwa anaona haya kuingia bila kunawa. Desturi ndogo iliokoa maisha. Kufunga etajeri ni rahisi kuliko hapo, kwa sababu unafunga mara moja tu, na baada ya hapo kazi yako ni kuangalia kama bado imeshika.

Neno la pili tunalolisikia ni hili: "Ukuta wangu ni wa udongo, hauwezi kushika visi." Ni kweli kwamba kuta hazifanani, na namna ya kufunga haiwezi kuwa moja. Lakini hakuna ukuta usio na njia yake. Tuliwauliza mafundi wa mbao na waashi, na haya ndiyo wanayokubaliana.

Kama ukuta ni wa matofali ya kuchoma au bloki za simenti, tumia ekeri, kile kipande cha chuma kilichopindwa kama herufi L. Toboa kwa perseze, ingiza sheviye, kaza visi ndefu. Toboa ndani ya tofali lenyewe, si katika mstari kati ya matofali, kwa maana mara nyingi mstari huo umejazwa udongo. Visi ipite plasta na kuingia ndani ya tofali; plasta peke yake haishiki kitu. Kabla ya kutoboa, angalia waya za umeme zinapita wapi.

Kama ukuta ni wa matofali mabichi, sheviye itatoka na vumbi lake. Hapo toboa ukuta mpaka upande wa pili. Weka kipande cha ubao au bati nene upande wa nje, pitisha waya ule laini wanaofungia vyuma vya beto, rudisha ndani, kisha funga kwenye mbao za etajeri na ukaze. Ubao wa nje ndio unaogawa nguvu, ili waya usikate udongo.

Kama nyumba ni ya miti na udongo, usipigilie msumari kwenye udongo. Gonga ukuta kwa vidole mpaka usikie mahali palipo na mti, kisha funga hapo, kwa visi ndefu au kwa waya unaozunguka mti wenyewe. Kwa nyumba ya mbao ni vile vile: funga kwenye nguzo au shevro, si kwenye ubao mwembamba.

Kwa etajeri zinazosimama katikati ya boutiki bila ukuta, funga mbili mgongo kwa mgongo, kisha uziunganishe juu kwa ubao mrefu mpaka kwenye mbao za dari zilizo imara. Mahali pengine popote, funga sehemu ya juu ya etajeri, penye mbao nene za pembeni, na weka vifungo viwili, kimoja kila upande. Usifunge kwenye tripleksi ya nyuma; itapasuka na kubaki ukutani huku etajeri ikienda zake.

Baada ya kufunga, panga upya. Vizito chini, vyepesi juu. Ondoa televisheni juu ya kabati refu. Usiweke biskuti, simu au kitu chochote kinachompendeza mtoto mahali atakapolazimika kupanda. Na mwajiri anunue ngazi. Ubao wa etajeri haukutengenezwa kukanyagwa.

Ukikusanya gharama yote, vyuma viwili, visi chache na saa moja ya fundi, ni pesa ya chupa chache za bia. Mwenye boutiki anayepoteza etajeri moja ya vioo au ya dawa anapoteza mara nyingi zaidi, hata kama hakuna aliyeumia.

Neno la tatu ni la wapangaji, nalo ni gumu zaidi. Wengi wanatuambia kwamba mwenye nyumba amekataza kutoboa kuta. Kwa wenye nyumba tunasema hivi: tundu moja lenye upana wa kidole cha mtoto linazibwa kwa simenti kidogo siku mpangaji anapohama. Uhai wa mtoto hauzibwi. Mnapoandika mkataba, ongezeni mstari mmoja: mpangaji anaruhusiwa kufunga makabati, na akiondoka atarudisha ukuta kama alivyoukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tunawaomba mkubali tundu dogo, ili msije mkasimama msibani kwa ajili ya ukuta safi.

Mafundi wa mbao wana sehemu yao. Wao ndio wanaojua etajeri itasimama wapi na itabeba nini. Fundi mwema hatoi kabati refu bila kulitia vifungo na bila kumwambia mnunuzi namna ya kulifunga. Tunawaomba wajadiliane wenyewe kwa wenyewe na waifanye iwe sehemu ya kazi: kabati linalopita kimo cha kifua cha mtu lisitoke atelie bila vyuma vyake viwili. Mteja atalipa kidogo zaidi, na atamkumbuka fundi huyo kwa wema.

Wakuu wa shule na wa vituo vya afya wasingoje mfadhili. Mara nyingi etajeri za chuma zinaletwa na mashirika, zinapigwa picha, zinajazwa vitabu au dawa, na gari linaondoka bila mtu kuuliza kama zimefungwa. Kamati ya wazazi inaweza kupita darasa kwa darasa siku moja ya salongo na kumaliza kazi. Mashirika nayo yaelewe kwamba kutoa etajeri bila kuifunga ni kuacha kazi nusu.

Kwa wenye madaraka, mameya wa Butembo na Beni na wakubwa wa komini, ombi letu ni lenye mpaka. Hatuombi huduma mpya itakayopita dukani kila juma na karatasi, muhuri na taksi nyingine. Wafanyabiashara wetu wanazijua karatasi za namna hiyo, na tukianza hivyo, usalama wa mtoto utageuka kuwa mfuko wa mtu. Tunachoomba ni mfano: makabati ya majalada katika ofisi za mji na za komini yafungwe kwanza. Kisha wakubwa wa kartie na wa selile walitangaze jambo hili katika mikutano yao, kama walivyotangaza kunawa mikono wakati ule. Redio za mji zinaweza kusaidia, na sisi tuko tayari.

Lakini mwanzo wa yote ni nyumbani kwako. Leo jioni, kabla ya kulala, simama mbele ya kabati refu kuliko yote ndani ya nyumba. Waondoe watoto kwanza. Weka mkono juu yake na ulivute kidogo sana kuja kwako, kiasi cha kulisikia tu. Likitikisika, kitanda cha mtoto kisilale mbele yake usiku huu, kihamishe. Kesho asubuhi, mwite fundi.